Laptopu mpya ya Madam, GB 4 za kalamu na safari ya Zohali

Madam alifika kwenye fremu yangu Sinza Jumamosi saa nne asubuhi, boksi kalikumbatia kifuani. Ndivyo lilivyosafiri kwenye daladala mbili kutoka Mbagala. Hata konda alipomwambia aliweke chini apishe wengine, aligoma. Laptopu ilikuwa mpya, nailoni ya skrini haijabanduliwa. Aliinunua Kariakoo siku nne nyuma kwa shilingi 1,450,000, fedha ya klabu ya sayansi ya shule anayofundisha fizikia pamoja na michango ya wazazi. Risiti ilisema mwisho wa kubadilisha ni siku saba. Tulibakiwa na siku tatu.

"Fundi, sitaki uniambie kama ni kali," alisema. "Niambie itaendesha SpaceEngine au haiendeshi."

Nilimpenda papo hapo. Mteja anayekuja na jina la programu ni mteja wa kushukuru Mungu, kwa sababu "kali" haipimiki, ila programu inapimika.

Kwa asiyeijua, SpaceEngine ni programu ya kusafiri angani. Unaanza Duniani, unaupita Mwezi, unatua Mirihi, unazunguka pete za Zohali, kisha unatoka nje kabisa ya kundi letu la nyota na kuliangalia kwa mbali. Mtunzi wake ni Mrusi Vladimir Romanyuk, na tangu 2019 inauzwa Steam, duka la mtandaoni la michezo na programu. Kati ya nyota zake, nyingi za jirani ni za kweli, kutoka kwenye orodha ya Hipparcos, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa 1989 na kupima nyota 118,218. Kule ambako vipimo vya binadamu havijafika, programu inajitungia yenyewe: sayari, mabonde, mawingu, vyote kwa hesabu, muda uleule unapovikaribia. Hapo ndipo kompyuta zinapolia.

Stika ya boksi ilisomeka Core i5-1135G7, RAM GB 8, SSD GB 512: yaani prosesa, kumbukumbu ya kazi na hifadhi ya mafaili. Chini yake muuzaji kaongeza kwa kalamu ya bluu: grafiki GB 4, yaani kumbukumbu ya sehemu inayochora picha.

Sitamwita mwongo. Alimfungulia Madam ukurasa wa Windows unaoonyesha kumbukumbu ya grafiki, na jumla iliyoandikwa pale ilikuwa megabaiti elfu nne na ushei. Tatizo ni mistari miwili iliyo chini ya jumla, ambayo wauzaji wengi hawaisomi. Mmoja ulisema kumbukumbu ya grafiki yenyewe ni MB 128. Wa pili ulisema zilizobaki zote ni za kuazima kutoka kwenye RAM ya kompyuta. Windows hukubali kuazima mpaka karibu nusu ya RAM yote, na nusu ya 8 ni 4. Ni sawa na mpangaji wa chumba kimoja anayejitapa ana nyumba ya vyumba sita kwa kuwa mwenye nyumba humruhusu kupita sebuleni kwenda bafuni.

Kuazima kwenyewe si dhambi. Grafiki za ndani ya prosesa zote huishi hivyo, na nyingine zinafanya kazi vizuri tu. Kilichonishtua ni jina. Nilipofungua Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vilivyo ndani ya kompyuta, nilikuta imeandikwa "Intel UHD Graphics", wakati prosesa ya i5-1135G7 inajulikana kwa grafiki ya Iris Xe. Madam akadhani kauziwa mbuzi kwenye gunia, prosesa feki. Nikamwambia asubiri kwanza, nikachukua bisibisi.

Ndani kulikuwa na nafasi mbili za RAM. Moja ina kipande cha GB 8, ya pili tupu, ina vumbi kidogo la kiwandani. Jibu la jina likawa hapo. Intel hutoa jina la Iris Xe pale tu kompyuta inaposoma RAM kwa chaneli mbili, yaani njia mbili kwa mpigo. Ukiweka kipande kimoja, chipu ni ileile, lakini inajitambulisha kwa jina la chini, UHD, kwa sababu inajua haitaweza kukimbia.

Kabla ya kuongeza chochote tukapima ilivyo. Kipimo ni fremu kwa sekunde. Si fremu za kupangisha kama hii yangu, hapa fremu ni picha moja kamili inayochorwa skrini. Zikifika 30 kwa sekunde jicho la darasani linaridhika. Zikishuka 15 watoto wanaanza kusema inakwamakwama. Tulichagua vituo vitatu na kuviandika kwenye daftari ili kila jaribio lisimame palepale: karibu na pete za Zohali, chini kabisa juu ya mabonde ya Mirihi, na ndani ya wingu la gesi la Jabari, lile ambalo vitabu vya shule huliita Orion.

Na ilitubidi tuwe na haraka. Steam hurudisha fedha ya programu kama hujaitumia zaidi ya saa mbili na hazijapita siku 14 tangu ununue. Madam alikuwa amelipia usiku wa jana yake kwa kadi ya kwenye simu na kuipakua kwa bando la shule mpaka alfajiri. Kila dakika ya majaribio yetu Steam ilikuwa inaihesabu.

Kipande kimoja cha GB 8, skrini yote ya pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080: Zohali fremu 19, Mirihi 11, Jabari 6. Pale Jabari, Madam alisogeza kipanya, akasubiri, ndipo picha ikasogea. Hakusema kitu. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga.

Nikatoa kwenye droo kipande kingine cha GB 8, kasi ileile ya 3200, nikakibonyeza mpaka kikalia "tik" pande zote mbili. Tukawasha. Device Manager sasa ikasema "Iris Xe". Zohali 31, Mirihi 18, Jabari 9.

"Umeona?" Madam akasema, kidole kwenye ule ukurasa wa kumbukumbu, ambao sasa ulionyesha GB 8 kwa jumla. "Grafiki ilikuwa 4, imekuwa 8, na kasi imepanda. Kwa hiyo muuzaji alikuwa sahihi, namba ndiyo yenyewe."

Mwalimu wa fizikia huyo. Ameona vitu viwili vimepanda pamoja na kukifanya kimoja kuwa sababu ya kingine, kosa ambalo bila shaka huwakata wanafunzi wake maksi. Nilimwambia hivyo, akacheka, akasema haya, kata mzizi wa fitina.

Nilikuwa na kipande kimoja cha GB 16 cha mteja aliyeniachia niuze. Nikatoa vile viwili, nikaweka hicho peke yake. RAM jumla ileile, 16. Ukurasa wa kumbukumbu ukasema grafiki GB 8 vilevile, haukupungua hata kidogo. Lakini jina likarudi UHD, na vipimo vikarudi chini: Zohali 20, Mirihi 12, Jabari 6. Namba ya kujivunia imebaki juu, kasi imeondoka.

Kilichobadilika ni mlango. RAM ya DDR4-3200 kwa chaneli moja hupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Kwa chaneli mbili 51.2. Grafiki inayochora wingu la Jabari husoma na kuandika nukta zilezile mara nyingi mno, tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo inachosubiri ni data iingie na kutoka. Kipande kimoja cha GB 16 ni basi kubwa lenye mlango uleule mmoja. Abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni hawahitaji kuelezwa zaidi.

Hapa nitoke kidogo kwenye kisa, maana kuna jambo la programu za anga ambalo michezo ya mpira na ya magari haina. Grafiki hupenda namba fupi za biti 32, zinazobeba tarakimu saba hivi za uhakika. Kwa uwanja wa mpira hizo ni nyingi. Sasa chukua umbali wa Dunia hadi Jua, kilomita milioni 150 hivi, uuandike kwa mita. Kwenye ukubwa huo, namba ya biti 32 inayofuata iko mita 16,384 mbele, na katikati hapana kitu. Yaani programu ingekuwa haitofautishi Kivukoni na Kimara. Njia nzima ya mabasi ya Mwendokasi kati ya sehemu hizo mbili za Dar imelala kwenye nukta moja. Watunzi hukwepa kwa kufanya hesabu za umbali mkubwa kwa biti 64 kwenye prosesa, kisha grafiki hupewa tu umbali kutoka kwenye jicho la mtazamaji. Huwezi kuibebesha grafiki mzigo huo: hata grafiki za kampuni ya NVIDIA za kizazi cha RTX 30 za watu wa kawaida hufanya hesabu za biti 64 kwa sehemu moja ya 64 ya kasi yake ya biti 32. Kwa hiyo ukiwa unanunua kwa ajili ya anga, prosesa nayo itazame. Ya Madam ilikuwa inatosha, na hatukuigusa tena.

Swali lililobaki lilikuwa la fedha. Arudishe hii, aongeze kama laki tisa, achukue yenye grafiki ya NVIDIA? Mezani kwangu kulikuwa na laptopu ya RTX 3050 ya kijana mmoja mchora ramani za nyumba, imeletwa kubadilishwa kibodi. Nikampigia, akaruhusu. Tukahamisha programu kwa njia ya Steam yenyewe ya kunakili kutoka mashine hadi mashine kwenye mtandao wa ndani, bila kumaliza bando. Nikafungua Zohali kwa mbwembwe.

Fremu 32. Nikaishiwa pozi. Mashine ya milioni mbili na nusu imeizidi ya Madam kwa fremu moja!

Ilinichukua dakika kumi ambazo Steam ilizihesabu bila huruma. Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha nani anafanya kazi, ilikuwa wazi muda wote, mimi ndiye sikuitazama: GPU 0, yaani grafiki ya kwanza, ya Intel, ilikuwa juu kabisa inahema, GPU 1, ya NVIDIA, sifuri. Laptopu za grafiki mbili huamua zenyewe nani afanye kazi, na hapa zilimpa yule mdogo. Nikaingia kwenye mipangilio ya skrini ya Windows, sehemu ya grafiki, nikaichagulia programu utendaji wa juu, nikaizima na kuiwasha. Zohali 86, Mirihi 51, Jabari 33. Najua watu waliouza mashine nzuri kwa bei ya hasara kwa sababu hiyo tu, wakidhani ni mbovu.

RTX 3050 ya laptopu ina kumbukumbu yake mwenyewe ya GB 4, za kweli, na inaisoma kwa GB 192 kwa sekunde. Hata hivyo nayo ina ukomo. Tulipopandisha ubora wa ardhi mpaka mwisho na kushuka Mirihi, zile GB 4 zilijaa, picha zikaanza kuruka. Na nilipochomoa chaja, kasi ilianguka, kwa sababu betri haiwezi kulisha grafiki ya aina hiyo kwa nguvu zote. Shule ambayo umeme ukikatika somo linaendelea kwa betri isilisahau hilo.

Madam alikuwa anaangalia Jabari kwa jicho la mtu aliyeonja pilau ya harusi na anajua nyumbani kuna ugali. Ndipo akasema, kama anajisemea, "Na tatizo projekta yetu ni ya zamani, sijui hata itaonyesha."

"Ya zamani vipi?"

Alikuwa na picha ya nyuma yake kwenye simu. Pikseli 1280 kwa 800.

Tulikuwa tumepoteza asubuhi nzima tukipima kwa skrini ambayo wanafunzi hawataiona. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Projekta yake ina 1,024,000, chini ya nusu. Ukiichoresha mashine picha kubwa, projekta inaibana tena ndogo; umeitesa grafiki bure. Nikarudisha vipande viwili vya GB 8 kwenye laptopu ya Madam, nikaipangia programu 1280 kwa 800: Zohali 49, Mirihi 29, Jabari 17.

Zohali na Mirihi zikawa zimepita. Jabari ilibaki ina kwikwi, lakini ile inazungukika. SpaceEngine inaweza kurekodi video picha moja moja, bila kujali kila picha imechukua muda gani. Dakika moja ya video ya fremu 30 ni picha 1,800. Unaiacha mashine ichore kwa starehe yake wakati unasahihisha madaftari, kisha darasani unaonyesha video laini kama maji. Mtoto wa kidato cha pili hawezi kujua, na akijua atavutiwa zaidi.

Msimamo wangu ulikuwa asirudishe mashine, aongeze RAM. Angekuwa anataka ya kuchezea mwenyewe kwenye skrini kubwa, au projekta ya shule ingekuwa mpya, ningemwambia apande daladala ya Kariakoo saa ileile. Lakini kuongeza laki tisa ili Jabari iende moja kwa moja badala ya video, kwa fedha ya wazazi wa Mbagala, mimi sikuona. Steam ilikuwa imehesabu saa moja na dakika 41. Tukaifunga.

Kuna programu nyingine ambayo hata hatukuipima kwa fremu, kwa sababu ilikwenda vizuri tangu kipande kimoja cha RAM: Stellarium. Ni ya bure, inakuja na nyota zaidi ya 600,000, na inakuonyesha anga lilivyo ukiwa umesimama mahali fulani, siku fulani. Madam aliiweka Dar es Salaam, saa moja na nusu jioni, akaanza kusogeza tarehe kuanzia mwanzo wa Aprili. Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota, kikaanza kushuka magharibi jioni baada ya jioni. Ilipofika Mei hakikuonekana tena, Jua liko mbele yake. Akageuza saa iwe alfajiri, akasogeza mpaka katikati ya Juni, na hicho kinachomoza mashariki. Masika yameshapita.

"Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua," akasema. "Bibi yangu alikuwa anasema hivi, mimi nikidhani ni fumbo."

Akaipeleka tena tarehe 1 Septemba 2016, mahali Rujewa, akatazama Mwezi ukiingia katikati ya Jua na kubakiza pete. Wakati ule wanafunzi wake wa sasa walikuwa wadogo mno kukumbuka. Kwa masomo ya namna hiyo, na nadhani ndiyo mengi ya mwaka mzima, hata ile mashine ya kipande kimoja ilikuwa inamtosha.

Jaribio la mwisho alilifanya mwenyewe shuleni na kunipigia simu. Darasa halina kiyoyozi, watu hamsini, madirisha yamefungwa mapazia ili kuwe giza. Baada ya dakika ishirini Zohali ilishuka kutoka 49 hadi 36. Hilo ni joto: prosesa na grafiki ya Intel viko kwenye chipu moja, feni moja, na chipu ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe. Nilimwambia ainyanyue ili hewa ipite chini. Akanitumia picha: laptopu imesimama juu ya vifuniko vinne vya chupa za maji, kila kona kimoja, na pembeni mwanafunzi ameshika kitabu anaipepea. Fremu 44. Kwamba ni vifuniko au ni kile kitabu, hatujui, na safari hii ni yeye aliyelisema hilo kabla yangu.

RAM aliinunua kwa yule yule muuzaji wa Kariakoo, Jumatatu, siku ya sita. Alimwonyesha ile mistari mitatu kwenye simu. Muuzaji aliitazama kwa muda, akasema, "Dada, mimi nilikuwa nasoma ile ya juu tu," na kipande cha 75,000 akampa kwa 60,000. Aliomba na namba yangu.

Wiki mbili baadaye muuzaji akanitumia picha ya skrini. Laptopu ya RTX, RAM GB 16. "Fundi, hii inasoma 11.9. Niandike GB 12?"

Nikaikuza. 4.0 za kwake, 7.9 za kuazima. Nikamjibu aandike nne.

Akakaa kimya kidogo, kisha: "Jirani yangu ana hiyohiyo, kaandika 12. Bei moja."